Funguo Zisizogombolewa

Niliacha kazi nikiwa nimesimama ndani ya kaburi. Ndivyo alivyoandika bosi wangu, na nikimwita mwongo nitakuwa nimeongopa mimi.

Kaburi lilikuwa la mama yake, Bibi Yustina. Jeneza lilikuwa bado juu, limelazwa kwenye miti, wanakwaya wakimalizia wimbo. Mimi nilikuwa nimeshashuka shimoni. Nilikuwa nimevaa koti la sufu la marehemu, kilemba chake cha njano kichwani, na mkononi nimeinua funguo za stoo ya bosi juu kabisa ili kila mtu azione.

"Gaudensi!" nikapiga kelele. "Mkimbizi wa Kizulu! Leo nimeacha kazi! Bosi wangu alikuwa mama yako, wewe ulikuwa kivuli tu. Kabebe saruji mwenyewe, kahesabu nondo mwenyewe! Funguo hizi huzioni mpaka unigomboe!"

Watu waliangua kicheko. Padri aligeuka pembeni akajifanya anakohoa. Gaudensi mwenyewe, macho yamemvimba kwa siku kadhaa za kulia, alicheka mpaka akamshika bega mtu wa karibu asianguke. Mimi Mwislamu, tena mwanamke, lakini hakuna aliyeuliza nimeingiaje kwenye kaburi la Wakatoliki. Mimi ni Mmakonde wa Ziwani, yeye ni Mngoni wa Songea. Ni watani. Babu zao walitoka kwa Wazulu huko kusini wakawavamia babu zetu, babu zetu wakawafukuza, wote wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo tutatukanana tu. Msiba wa Mngoni usipokuwa na Mmakonde wa kumtukana marehemu, unakuwa msiba wa watu walioachwa peke yao.

Kwa hiyo nilipotoka shimoni na zile funguo kiunoni, nilijua nimefanya jambo jema. Bibi Yustina alikuwa akinipenda. Nilimpa mazishi yenye kicheko.

Sasa, miezi kadhaa baadaye, nilikuwa nimeketi kwenye benchi la ofisi ya Mfuko, ninaambiwa kwamba siku ile nilijiuzulu.

Mfuko ndiyo ile ofisi ambayo kila mwezi mshahara wako unakatwa kidogo unapelekwa kwao. Ukipoteza kazi bila kupenda, wanakupa fao la kukosa ajira, miezi michache, ujishikize wakati unatafuta pengine pa kuingia. Ukiacha kazi mwenyewe, hupewi. Mimi niliomba. Bosi wangu akapinga. Aliandika kwamba mfanyakazi huyu aliacha kazi kwa hiari yake, hadharani, na mashahidi wapo.

Nilipoisoma ile barua mara ya kwanza nilicheka kwa sauti pale pale kaunta. Nikasema huyu Mngoni amezidi, utani wake ameufikisha serikalini. Nikamwambia dada wa kaunta, "Huyu ni mtani wangu." Dada wa kaunta akaniambia niwahi kukata rufaa.

Simu yangu ilitetemeka mkobani. Alikuwa kaka yangu Idrisa, kutoka Ziwani.

"Wameshakupa?"

"Bado hatujaingia, kaka."

"Wewe njoo nyumbani. Korosho zinadondoka hazina wa kuokota. Utashindana na makaratasi mpaka lini?"

Kaka Idrisa si mtu mbaya. Lakini kwake mimi sijavuka darasa la nne. Nilipoachika nilikaa kwake msimu mmoja, na kila nilipogusa komeo la mlango aliniuliza ninakwenda wapi, na wifi yangu aliangalia sufuria kila nilipochota. Nilitoka pale kwa kupata kazi kwa Gaudensi. Chumba changu cha Chikongola ni kidogo, dirisha lake linaangalia ukuta wa jirani, lakini hakuna anayeniuliza ninakwenda wapi. Mwenye nyumba alikuwa ameshaniambia kwa upole kwamba amepata mpangaji mwingine anayeweza kulipa. Nikipata fao, ninabaki. Nikilikosa, ninafunga mizigo kwenda kuokota korosho za kaka na kuomba ruhusa ya kutoka nje.

Nje ya geti mlinzi alikuwa akifoka. "Mzee, nimesema kuku haingii! Hii ni ofisi ya serikali!" Sikusikia alijibiwa nini. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, akaingia Gaudensi, shati jeupe, mkanda umekaza tumbo, unyoya umemganda kwenye suruali. Akauona, akaupangusa.

Tulikuwa hatujaonana tangu makaburini. Akanitazama kuanzia kanda mbili mpaka mtandio.

"Mla panya," akasema. "Bado hujafa?"

"Nilikuwa nakusubiri utangulie, mlevi wa ulanzi."

"Umekonda. Panya wamekuwa adimu?"

Moyo wangu ulitulia. Nikasema kumbe, ni utani. Atatucheka wote humo ndani, atatoa ule upinzani wake, tutatoka tumeshikana mikono. Nikamsogezea nafasi kwenye benchi, akaketi. Alinukia mafuta ya nazi na kuku.

Tulipoitwa ndani, uso wake ulibadilika mlangoni, kama mtu aliyevua kofia.

Afisa aliyetusikiliza aliitwa Bi Glory, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, mtu wa Moshi aliyehamishiwa Mtwara. Pembeni ya meza alikaa Jafari, kuli wetu wa dukani, amevaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa.

"Wewe ni shahidi wa nani?" Bi Glory akamuuliza.

"Wa wote, mama. Wote wameniita."

"Haiwezekani."

"Hata mimi niliwaambia hivyo."

Bi Glory akavaa miwani. Akamgeukia Gaudensi. "Bwana Gaudensi, wewe una duka la vifaa vya ujenzi Chikongola. Huyu Bi Mwanahawa alikuwa mtunza stoo wako. Unasema aliacha kazi mwenyewe. Alisema maneno gani?"

"Alisema, 'Leo nimeacha kazi.'"

"Bi Mwanahawa, ulisema?"

"Nilisema."

"Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza, mama! Nilikuwa kaburini!"

Bi Glory akavua miwani tena. Nikamweleza. Nilimweleza koti, kilemba, jeneza, Wangoni na Wamakonde. Alinisikiliza huku akimtazama Gaudensi ili aone kama ninamchezea akili. Gaudensi alikuwa akitazama pangaboi.

"Mimi utani ninaujua," Bi Glory akasema mwishoni. "Hata sisi Wachaga tunataniana na Wapare mpaka wanatununia. Lakini hatuachi kazi."

"Mimi niliacha kila siku," nikasema.

"Kila siku?"

"Muulize Jafari."

Jafari alikaa vizuri kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza aliona umuhimu wa kanzu yake. "Ni kweli, mama. Asubuhi akifika tu, salamu yake ilikuwa hiyo. 'Bosi, nimeacha kazi, tafuta Mzulu mwenzako.' Bosi naye anamjibu, 'Nimekufukuza tangu jana, hukusikia kwa sababu ya hiyo ndonya yako ya mdomoni.' Halafu wanakunywa chai."

"Kwa hiyo na yeye alikuwa anamfukuza?"

"Sana. Kuna siku alimfukuza, halafu akamtuma akapokee mabati."

"Na akaenda?"

"Akaenda akiwa amefukuzwa, mama. Aliporudi akaacha kazi."

Bi Glory alichukua kalamu, akaiweka chini. "Sasa Jafari, wewe ulikuwepo siku zote. Katika kuacha kote huko na kufukuzwa kote huko, kupi kulikuwa kwa kweli?"

Jafari alifikiri sana. "Mama," akasema, "mimi nabeba mizigo."

Mimi niliona aibu, kwa sababu swali lile nami sikuweza kulijibu. Nilikuja pale nikijua sikuacha kazi. Lakini nilipoisikia habari yetu ikisemwa na mtu mwingine, mbele ya meza ya serikali, ilikuwa habari ya wendawazimu wawili. Ningekuwa mimi ndiye Bi Glory, ningetufukuza wote.

"Turudi kwenye msiba," Bi Glory akasema. "Umesema ulichukua funguo. Kama ulikuwa unatania, kwa nini hukuzirudisha?"

Nilitoa funguo mkobani nikazishika mapajani. Zilikuwa zimefungwa kwa uzi mwekundu wa mfuko wa saruji. Kila wiki nilizifuta kwa kitambaa zisishike kutu, maana hewa ya bahari hapa kwetu inakula chuma kama mchwa.

"Kwetu mtani akichukua kitu cha mfiwa, hakirudishi bure," nikasema. "Anagombolewa. Kuku, khanga, chochote, hata pipi, mradi mfiwa atoe kwa mkono wake. Na kwetu hutolewa pale pale, kabla udongo haujajaa. Gaudensi hakutoa. Nikasema sawa, ana majonzi, ataleta kesho. Mpaka alete, mimi siruhusiwi kukanyaga kwake. Ni mwiko. Mtani anayejirudisha mwenyewe anamletea mfiwa msiba wa pili."

"Kwa hiyo Jumatatu hukwenda kazini."

"Ningekwendaje? Nilikaa nyumbani nimevaa, namsubiri."

"Jumanne?"

"Nilivaa pia. Jumatano Jafari akaja kuniambia stoo ina kufuli jipya na mtunza stoo mpya. Nikajua nimefukuzwa. Sikujua kwa nini."

Gaudensi alikohoa. "Afisa, huyu anazungumzia Wamakonde. Sisi kwetu Songea mtani halipwi kaburini kama konda wa basi. Analipwa siku ya kuvunja matanga, ndugu wote wakiwa wamekusanyika. Mimi, mke wangu na dada zangu tumevunja matanga juzi tu, maana tulikuwa tunamsubiri kaka atoke Msumbiji. Kwa hiyo sikuchelewa. Yeye ndiye aliyewahi."

Nikamgeukia. "Juzi?"

"Juzi."

Miezi yote ile nilikuwa ninasubiri kitu ambacho kwao muda wake ulikuwa haujafika. Na yeye alinisubiri, au hakunisubiri. Nilijaribu kupanga nani alimkosea nani, nikashindwa. Mtu mmoja utani wake unaishia udongoni, mwingine unaishia kwenye matanga, na katikati yake ndimo ilimozama kazi yangu.

"Subirini," Bi Glory akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Bwana Gaudensi. Wewe mwenyewe unasema ulikuwa unapanga kumgomboa huyu mama siku ya matanga. Basi ulijua alikuwa anatania."

Gaudensi akaulegeza mkanda wake.

"Ulijua au hukujua?"

"Niliujua utani," akasema polepole. "Lakini afisa, Jumatatu ni siku ya gari la Madimba. Kila mtu dukani anajua. Tunapakia saruji na mabati alfajiri, gari linaondoka. Mtunza stoo asiyetokea siku ya gari la Madimba ameacha kazi, iwe ni utani, iwe si utani. Hilo halina kabila."

Hapo Bi Glory alitikisa kichwa kukubali. Nilimwona. Nikaona mizigo yangu kwenye pikipiki, nikamwona wifi amesimama mlangoni Ziwani na sufuria.

"Gari lilikwama?" Bi Glory akamuuliza.

Gaudensi alijinyoosha kwenye kiti. Hapo ndipo mtani wangu alipojiponza, kwa sababu ya majivuno ya Kingoni. "Lilikwama? Nani? Saa moja asubuhi lilikuwa limeshapita njia panda. Mzigo umepakiwa wote, hakuna hata bati moja lililobaki. Stoo yangu haijengwi juu ya mtu mmoja, afisa. Hata yeye anajua."

Nilifurahi kusikia gari liliondoka salama. Nasema kweli, kwanza nilifurahi. Ule mzigo wa Madimba niliupanga mimi kwa mikono yangu Jumanne, kabla Bibi Yustina hajakata roho. Halafu nikatazama mapajani pangu.

"Liliondoka vipi?" nikauliza.

"Kama magari yanavyoondoka."

"Bosi. Funguo ninazo mimi, na hazina nakala. Alfajiri ile nilikuwa bado kitandani, hata wewe hukuwa umejua kama ninakuja au siji. Mlango ulifunguliwa na nini?"

Akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta tusi la kunijibu, kama anavyofanya siku zote, anaingiza mkono kwenye kapu la matusi anachagua moja. Hakulipata.

"Kufuli jipya ulilifunga lini?" nikamuuliza.

Jafari akaanza kusema, "Mimi nilipokwenda kwake Jumatano—"

"Nyamaza, Jafari," Gaudensi akasema. Akaitazama meza. "Jumapili. Baada ya misa."

Pangaboi lilikuwa likigonga. Bi Glory alihesabu siku kwa vidole.

"Jumapili," nikarudia. "Tumemzika mama Jumamosi."

"Ndiyo."

"Kabla sijakosa kuja."

"Ndiyo, Mwanahawa. Kabla hujakosa kuja."

Alinishtua kuniita jina. Katika miaka yote aliyoniajiri sijawahi kumsikia akilitamka. Niliitwa mla panya, niliitwa ndonya, mke wa jini, mjukuu wa mateka. Mbele ya wateja aliniita "huyu." Jina lile, kutoka mdomoni mwake, lilikuwa kama la mtu mwingine aliyeketi nyuma yangu.

"Nilikupigia simu Jumapili jioni," akaendelea. "Hukupokea."

Ni kweli. Niliiona simu ikiita, jina lake limeandikwa juu. Nikamwonesha jirani yangu tukacheka. Mfiwa anampigia mtani kumbembeleza kwa maneno ili asitoe kuku! Sikupokea.

"Ulitaka kuniambia nini?"

"Jumatatu usije."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu duka limeshindwa!" Alisema kwa nguvu, kisha akashusha sauti kwa kuwa tulikuwa ofisini. "Tangu mama alazwe, kila kilichoingia dukani kilikwenda hospitali. Nilikuwa siwezi kulipa mtu. Nimemweka mtoto wa dada yangu, namlisha tu, simlipi. Ungekubali kulishwa wewe?"

"Ungeniambia."

"Nilikuambia!"

"Lini?"

"Wiki aliyofariki mama. Nilikuita ofisini, nikafunga mlango. Nilikuambia, 'Mtani, kazi imekwisha, nakuachisha.' Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka alivyokuwa amekaa, mikono yote miwili juu ya meza. Nilikumbuka kwamba hakucheka, na kwamba nilijisemea moyoni, leo bosi amejifunza, anatania bila kutikisa hata mdomo. Nilicheka mimi kwa niaba ya wote wawili. Nilimwambia Mngoni hana ubavu wa kumfukuza Mmakonde, hata bunduki ya Mjerumani haikuweza. Nikamwambia akanywe ulanzi alale. Nikatoka nikaenda kupokea nondo.

"Ulicheka," akasema. "Nilikaa pale ofisini nikashindwa nifanye nini. Ningekufuata nje nikakuambie mara ya pili, ungecheka mara ya pili. Siku ya mazishi uliposimama shimoni ukasema umeacha kazi, na watu wote wanasikia, mimi nilicheka, lakini nilicheka kwa kuwa nilipata nafuu. Nikasema mama amenisaidia. Mhasibu wangu naye akaniambia, kama ameacha mwenyewe hudaiwi chochote."

Sikujua nimkasirikie kwa lipi. Kwa kunifukuza? Alinifukuza usoni, nikacheka. Kwa kuniongopea? Alichoandika nilikisema kwa mdomo wangu. Ningepokea simu, ningefukuzwa Jumapili. Sikupokea, nikawa nimeacha kazi Jumamosi. Na kama yote mawili ni utani, basi hata sasa mimi ni mtunza stoo, na leo nimekosa kazini.

Nadhani Bi Glory alikuwa ameufikia ukingo huohuo, kwa sababu alisema, "Mimi ninahitaji sentensi moja. Nani alimaliza ajira hii. Sentensi moja ya watu wazima, isiyo na Mzulu wala panya. Mnaweza?"

Tulitazamana. Niseme kweli, hatukuweza. Hatukuwahi kuwa nayo.

Nikaziweka funguo juu ya meza, katikati.

"Nigomboe," nikamwambia.

"Hapa?"

"Hapa. Ukishanigomboa msiba wa mama umefungwa, na utani wake umefungwa. Neno utakalosema baada ya hapo litakuwa neno la kawaida. Nitaliamini."

Gaudensi alisimama, akatoka. Tulimsikia mlinzi: "Mzee, nilishakuambia—" na kuku akilalamika, na Gaudensi akisema kitu kwa Kingoni ambacho hakikuhitaji tafsiri. Alirudi amemkumbatia kuku mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Bi Glory aliinuka akafunga mlango haraka mkuu wake asione.

"Nilimleta leo," Gaudensi akasema, kama mtu anayejitetea. "Ningekupa kule nje, tukimaliza."

"Ungenishinda humu ndani, halafu unigomboe kule nje?"

"Mambo mawili tofauti yale."

Na kwake, naona, yalikuwa tofauti kweli. Alikuja kuninyima fao na kunipa kuku, asubuhi moja, kwa moyo mmoja. Akanyoosha mikono yote miwili, nikampokea kuku kwa mikono yote miwili. Kisha akachukua funguo mezani. Alizipindua pindua. Aliona zilivyong'aa.

"Hazifungui kitu tena hizi," akasema.

"Sikujua."

Akazitia mfukoni. "Koti baki nalo. Mama alisema likibaki kwa dada zangu watalipeleka mnadani."

Bi Glory alikuwa ameshika kalamu. "Bwana Gaudensi."

Gaudensi alisimama wima, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa. Hakuketi. Alinitazama mimi, si afisa.

"Mwanahawa," akasema, "mimi ndiye niliyekuachisha kazi. Hukuacha. Nilikuachisha kabla ya msiba, nikabadilisha kufuli baada ya msiba. Stoo yangu haina nafasi yako."

"Na hilo ndilo niliandike?" Bi Glory akamuuliza. "Unajua kwamba anaweza kwenda ofisi nyingine akadai haki zake kwako?"

"Andika."

Akaandika. Gaudensi akatia saini, nami nikatia, kuku amebanwa kwapani. Bi Glory akasema fao litachukua muda wake lakini upinzani umeondolewa, na kwamba asingependa kumwona kuku mwingine ofisini kwake. Jafari akamuuliza kama mashahidi wanapewa nauli.

Nje jua lilikuwa limeshika. Gaudensi alitembea mbele yangu kuelekea gari lake, na mimi nilipunguza mwendo, nikimpa nafasi. Nilikuwa nasubiri. Nilijua akifika kwenye mlango wa gari atageuka, atasema kitu kuhusu kuku, kwamba nisimchanganye na panya kwenye sufuria, au jambo lolote. Nilikuwa na jibu tayari, jibu zuri kuliko yote niliyowahi kumpa. Alifika kwenye mlango. Aligeuka.

"Nenda salama, dada," akasema.

Akapanda gari, akaondoka.

Simu ikatetemeka. Nilihangaika kuitoa na kuku ananikwaruza mkono.

"Haya, wamesemaje?" Kaka Idrisa akauliza. "Unarudi au hurudi?"

"Sirudi, kaka," nikasema. "Nimefukuzwa kazi. Nimefukuzwa kabisa, wameandika, fao litatoka!"

"Alhamdulillah!" akapaza sauti, na nikamsikia akimwambia mkewe, "Amefukuzwa! Kweli kabisa!" na wifi yangu akapiga kigelegele kule Ziwani.

Nilitaka kucheka nao. Nilisimama pale getini, mlinzi ananitazama, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba sina kazi.